Maziwa Yasiyo na Mtoto

Pale maabara wanamwita Bibi Kaa-Kwanza, na jina hilo amelitolea jasho miaka ishirini. Ukija kupima homoni ya maziwa, hakuchomi sindano papo hapo. Atakukalisha nusu saa kwenye kiti cha dirishani, kwa sababu hofu na haraka huipandisha homoni hiyo, kipimo kikasema uongo. Watu hununa. Yeye hupanga vichupa vyake tu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Asubuhi moja aliingia fundi cherehani, bibi harusi wa mwaka jana, mama mkwe kamganda nyuma kama askari. Binti alikuwa anatokwa na maziwa, na siku zake zimekoma, ilhali hana mimba wala hajawahi kuzaa.

"Lisemwalo lipo," mama mkwe alisema. "Kama alificha mtoto, leo leo anarudi kwao."

"Kaa kwanza, mwanangu. Mama, wewe utatusubiri nje."

Kwenye kiti kile ulimi hulegea. Binti alinong'ona kwamba aliwahi kusikia sauti zisizo na watu, na kwa miezi mitatu sasa anameza vidonge vya kuzituliza. Mumewe anajua, mkwewe hajui. Jana aliviacha kwa hofu.

"Uviache, sauti zirudi?" Bibi Kaa-Kwanza alikuja juu. "Sikiliza. Ubongoni kuna mlinzi anayeizuia tezi isimwage homoni ya maziwa. Vidonge vinanyamazisha sauti, lakini vinamfunga mlinzi naye mikono. Huna kosa lolote."

Alasiri homoni ilionekana iko juu sana. Akampigia simu daktari wa binti, naye akasema aje kesho abadilishiwe dawa. Wako waliopewa vyeo kwa kazi ndogo kuliko hii.

"Haya, majibu yanasemaje?" mama mkwe aliuliza mlangoni.

"Majibu ni yake. Akitaka atakwambia."

Binti alimgeukia mkwewe. "Ni dawa, mama. Dawa ya kichwa. Nilikuwa nasikia sauti."

Mama mkwe akashika mkoba wake aondoke.

"Kaa kwanza," Bibi Kaa-Kwanza alimwambia.

Ajabu, akakaa. Aliuweka mkoba mapajani, akauliza kwa sauti ndogo, "Zilikuwa zinakwambia nini?"

"Kwamba hunitaki, mama."

Muda wa kufunga maabara ulipita. Bibi Kaa-Kwanza alivipanga upya vichupa vilivyokwisha kupangwa, wala hakumwambia mtu ainuke.