Viatu vya Kurudi Mashuuru

Mama mkwe wangu, Naisenya, ana miaka sabini na mmoja na hajawahi kumwomba mtu ruhusa ya kutembea. Mwaka jana alianguka bomani kwake Mashuuru akavunjika mguu, na mume wangu Sankale akamleta kwetu Kitengela. Mguu ulipona mwezi wa nane. Kufikia Februari bado alikuwa kwetu, kwenye chumba chenye vigae na televisheni, huku Sankale akipanga kuwagawia binamu zake ng'ombe wa mama. Kila alipouliza atarudi lini, aliambiwa, "Tutaona, Yeyo," yaani mama kwa Kimaasai, na wote tulimwita hivyo. Nami nilinyamaza, jambo ambalo linaniuma hadi leo.

Ili kumtuliza, Sankale akampeleka matembezi Naivasha, kwenye kisiwa chenye twiga. Alikuwa ameona picha kwenye simu, asisome palipoandikwa kwamba gari haliingii. Tulivuka kwa boti, na alipouliza gari la wageni liko wapi, Felix, mwongozaji wetu mwenye mvi, alimwonyesha viatu vyake.

"Basi tukae hapa kwa kivuli," Sankale akasema.

"Kaa wewe. Mimi nazunguka hii kisiwa yote. Nikimaliza kwa miguu yangu, Jumatatu unanirudisha Mashuuru."

"Na ukishindwa?"

"Gawa ng'ombe."

Sankale alicheka, akakubali, mbele ya Felix na mbele yangu.

Yeyo alishika fimbo yake akaanza. Hakuwatazama twiga sana. Amekaa nao jirani maisha yake yote. Mume wangu alimfuata nyuma akimsihi apumzike, mpaka nikamwambia anyamaze. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia hivyo, na nilijisikia vizuri mno.

Baada ya saa moja tukafika uwandani. Ng'ambo tuliliona boti letu, mwendo wa dakika kumi hivi. Katikati walikuwa nyumbu na ndama wao, wengine wamezaliwa asubuhi ile. Felix alisema hawana neno, tupite tu. Yeyo alisimama. Aliegemea fimbo, akiupumzisha mguu uliovunjika. Kisha akageuka, akashika njia ya mlimani, yenye mawe, ya kuzunguka kote.

"Yeyo, njia ni hii," Sankale akamwita.

"Nyumbu wamezaa hapo. Uchafu ya hao ndama inashika kwa viatu, inaua ng'ombe."

"Lakini hapa hatuna ng'ombe."

"Mimi niko nao."

Sankale akamfuata. Alikuwa amechunga utotoni, na ni mama huyuhuyu aliyemfundisha kutopitisha mifugo mahali nyumbu walipozalia.

Kupanda kulituchukua saa nzima. Yeyo aliketi mara mbili, na mara ya pili nilidhani basi, tumeshindwa. Sankale alimnyooshea mkono. Akaugonga kwa fimbo.

"Tulisema miguu yangu."

Akainuka mwenyewe.

Tulipofika kwenye boti hakupanda. Alivua akala zake za tairi, akainama ziwani, akasugua soli mpaka chini kabisa, ingawa hazikuwa zimekanyaga pale kwenye nyumbu. Alipomaliza alielekeza fimbo kwenye raba nyeupe za mwanawe.

"Osha na zako," akamwambia. "Jumatatu utaingia nazo kwa boma yangu."

Sankale alinitazama. Sikumsaidia. Akavua raba, akachuchumaa majini karibu na mama yake, akaanza kuosha.