Pikipiki ya Lami na Njia ya Mahameni

Leo nimerudisha pikipiki ya watu nikiwa nimechelewa saa tatu nzima.

Tulikwenda Ikwiriri kuijaribu, mimi na mke wangu. Mtumba wa Kijapani, mpana, kiti kiko chini hata miguu yangu ya uzee ikakanyaga ardhi.

"Mzee, mpaka darajani na kurudi," akasema muuzaji.

Mke wangu akaketi nyuma kwa upande, kama kawaida yake.

Jamani, raha! Inanguruma taratibu, mgongo hauumi, upepo unanukia mpunga. Nikajiona kila Ijumaa tukienda mahameni, kijiji chetu cha zamani kule bondeni tulikohamishwa ujanani, kuwasomea dua wazee wetu makaburini.

Sijui hata nilikata kona saa ngapi.

Tuta la kwanza tu la njia ya bondeni, tumbo la pikipiki likakwama.

Mke wangu akashuka. "Baba Zainabu, hiki chombo cha lami. Kwetu hakifiki."

"Basi tuirudishe."

"Itasubiri." Akavua viatu. "Si pale tu?"

Tukaenda kwa miguu. Dua tukasoma.

Muuzaji aliuliza, "Imekufaa, mzee?"

Haikunifaa. Ila miaka yote hii nilikuwa nasema siendi mahameni kwa sababu sina usafiri.

Nanyi mnasingizia nini?