Sahani ya Pili

Tumbo la fundi cherehani lilikuwa na adabu zake mpaka ilipoingia ile homa ya virusi. Homa ilimchukua mumewe, fundi mwenzake, ikamwachia yeye uhai na tumbo bovu. Kikohozi kimekwisha zamani, lakini kila akila anavimbiwa, kichefuchefu kinampanda, nusura atapike. Kisha tumbo linaunguruma.

Na linaunguruma kwa sauti ya marehemu. Cheka ukitaka. Mumewe alikuwa na tumbo lenye mdomo: kabla ya chakula cha mchana lilinguruma kwa kirefu, likakatika, likamalizia na kamlio kadogo, wateja wakavunjika mbavu. Sasa ngurumo ileile inatoka tumboni mwa mjane, naye ameketi mkabala na cherehani ya pili, ya mumewe, iliyofunikwa shuka. Inamtisha, na anaipenda.

Binti yake alipoona mama amebaki mifupa, alimburuta hospitali.

"Mama, virusi wakati mwingine huacha mishipa ya fahamu ya tumbo imedhoofika, chakula kikachelewa kushuka," daktari alieleza. "Au bakteria wazuri wa utumboni wamevurugika. Tutapima tujue. Kwa sasa kula kidogo kidogo. Huwa unakula kiasi gani?"

"Sahani mbili."

Binti aligeuka. "Mbili? Wewe, mama?"

"Yangu na ya baba yako. Mkono umezoea kupakua mbili. Sasa chakula chake nikakimwage?"

Binti aliangua kilio mbele ya daktari. "Baba ameshakwenda, mama. Na wewe nikukose?"

Hapo mama alimfuta binti yake machozi. Akaahidi kula sahani moja tu.

Kesho yake mchana, kule kwenye chumba cha kushonea, alipakua sahani moja, chakula kiduchu. Ya mumewe aliiacha kifudifudi mezani. Alikula polepole, akasubiri. Tumbo kimya. Hakuna kichefuchefu, hakuna kuvimbiwa. Alijisikia mwepesi, na mpweke kuliko siku ya mazishi.

Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano aliposikia ngurumo. Ndefu, ikakatika, kisha kamlio kadogo.

Alijishika tumbo. Lilikuwa limetulia tuli.

Ikanguruma tena, kutoka nyuma ya cherehani iliyofunikwa shuka. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye sahani ile, ukaigusa, akaurudisha mapajani na kuubana kwa mkono wa pili.

"Vumilia, baba watoto," alisema, machozi yakimtiririka. "Mwanao kanikataza."