Magoti Chini, Kichwa Juu

Daktari alinikataza kuinama. Akanikataza kubeba kitu kizito, kujikaza kama mtu anayesukuma gari, na kusugua jicho. Nikamwuliza, "Sasa nimebaki na nini?" Akasema, "Umebaki na kupumzika, bibi." Nilimtazama kwa hilo jicho moja lililokuwa wazi. Mwanamke wa Muleba ukimkataza kuinama na kubeba, hujamwachia kazi. Umemwachia kiti.

Jicho lenyewe ni la kulia. Nilikuwa shambani kwangu Ngenge, jani la mahindi likanikwaruza, kidonda kikaingia uchafu, na kilipopona kiliacha kovu jeupe, kama mtu amepaka uji kwenye dirisha. Jicho la kushoto lilishaanza uvivu wake zamani. Nikawa najua watu kwa mwendo na kwa kikohozi. Ndipo wanangu wakanipeleka hospitali kubwa ya mbali. Waganga wakakiondoa kile kioo cha mbele ya jicho kilichoharibika, wakashona kingine kilichotoka kwa mtu aliyefariki. Simjui. Sikuambiwa kama ni mwanamume au mwanamke. Namwombea, na nikiona kitu kizuri humwambia moyoni, tazama na wewe.

Baada ya hapo nikahamia kwa binti yangu, Kibeta, ili niwe karibu na kliniki ya macho ya mjini. Binti yangu ni mtu wa ofisi na ana roho nzuri, lakini ukimpa mgonjwa anamgeuza yai. Matone ya dawa kwa saa yake. Kifuniko cha plastiki juu ya jicho wakati wa kulala. Miwani myeusi mchana. Kikombe cha chai naletewa. Nikiinuka tu kwenye kiti, nasikia kutoka jikoni, "Mama, unataka nini?" Sitaki kitu, nataka kusimama!

Miezi ikapita hivyo. Jicho likaanza kuona: kwanza mwanga, halafu rangi, halafu sura ya binti yangu, nikashangaa alivyozeeka. Lakini miguu yangu ikalainika kama ndizi zilizosahaulika jikoni. Siku moja nilikwenda hadi getini nikarudi nimeshika ukuta. Binti yangu aliniona. Jioni akakaa pembeni yangu, akasema kwa ile sauti ya upole inayoniudhi, "Mama, Ngenge basi tena. Shamba tumpe baba mdogo alime. Wewe utakaa hapa na sisi."

Baba mdogo ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, niliyemwachia shamba nilipougua. Maharage yangu alikuwa ameyaacha yakamezwa na magugu, na migomba nyuma ya nyumba haioni mundu. Nikasema, "Nitarudi kwangu."

"Kwa miguu gani, mama?"

 Swali hilo liliniuma kuliko kisu cha waganga.

Aliyeniokoa ni mjukuu wangu mkubwa, mtoto wa huyo huyo binti yangu. Ni mwalimu wa michezo katika shule moja huko Kahororo. Sijisifu. Hapana, najisifu kabisa: mimi ndiye niliyemlea alipokuwa mdogo, na leo akipuliza filimbi uwanja mzima unasimama. Kwetu bibi na mjukuu wa kike hutaniana kama wake wenza, maana mume ni mmoja, yaani babu. Alikuja Jumamosi, akanikuta kitini.

"Mke mwenzangu, mume wetu huko aliko akikuona hivi atanichagua mimi."

"Akuchague. Ugali wako unajulikana."

"Inuka basi tukatembee. Daktari amekataza kutembea?"

"Hajakataza."

"Basi vaa miwani."

Binti yangu akapiga kelele kidogo, tukatoka. Mwanzo tulikwenda polepole kwenye tambarare, yeye akinishika mkono. Baadaye akaniachia. Halafu akanipeleka kwenye mteremko unaotazama ziwa, na mteremko ukishuka lazima uupande. Watoto wa njiani walinicheka kwa miwani myeusi na kofia pana. "Bibi, unaenda kurekodi video?" Nikawaambia nimeshamaliza, sasa nawatafuta wachezaji, lakini wao ni wabaya wa sura.

Siku moja kwenye njia hiyo tukakutana na mzee, baba mzazi wa mkwe wangu, yaani baba wa mume wa binti yangu. Mtu wa heshima, mzee wa kanisa, fimbo na koti hata jua likiwaka. Mimi nimekuzwa Kihaya. Mzee kama huyo, tena wa ukweni, humsalimii umesimama kama mlingoti. Kabla akili haijafika, magoti yalishafika chini, na kichwa nacho kikaanza kuteremka kama kilivyozoea tangu utoto.

"Kichwa juu!" mjukuu wangu akapaza sauti, ile sauti ya uwanjani.

Kichwa kikaruka juu. Mzee naye akaruka nyuma. Nikabaki nimepiga magoti barabarani, mgongo umenyooka, uso unatazama mbinguni, miwani myeusi imemwelekea. "Shikamoo, waitu," nikasema kwa sauti ndogo; waitu ni neno letu la kumwita mtu kwa heshima.

"Marahaba," akajibu. Akamgeukia mjukuu wangu. "Huyu ananisalimia au ananikagua?"

Tukamweleza habari ya jicho, kwamba kichwa kikishuka damu inakimbilia kule na mshono ni mchanga. Akasikiliza, akapiga fimbo chini. "Basi inuka, mama, imetosha. Nimeheshimika."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Sikuweza kuinuka. Mapaja yalikataa kabisa. Nilizoea kujisukuma kwa mikono na kichwa mbele, na sasa kichwa hakina ruhusa. Mjukuu akanishika huku, mzee akanipa fimbo yake huku, nikasimama mbele ya mzee wa ukweni. Aibu yake siwezi kuieleza.

Njiani kurudi mjukuu wangu hakunicheka, na hilo lilinitisha. Mwisho akasema, "Bibi, umeona? Unachokosa ni hicho. Kushuka na kuinuka mgongo ukiwa wima. Wanafunzi wangu nawapa zoezi hilo hilo wananuna. Wewe tayari una sababu."

Tukamwuliza daktari kwanza, kliniki iliyofuata. Akacheka, kisha akasema nishike kitu, nisijikaze, nisizuie pumzi, na jicho likibadilika niache. Basi nikaanza. Kila asubuhi nikashika mgongo wa kiti, nikashuka goti moja, halafu la pili, kichwa juu, nikainuka. Kwa kuwa siwezi kupiga magoti bila kusalimu, nilisalimu. Nikasalimu kabati. Nikasalimu friji. Binti yangu alipita na kikapu cha nguo akanikuta mbele ya televisheni iliyozimwa nikisema, "Habari za kwako, waitu." Akasimama.

"Mama, unaongea na nani?"

"Inaniamkia vizuri kuliko shemeji yangu."

Miguu ikaanza kurudi. Nikawa napanda ule mlima nikisimama mara chache, halafu bila kusimama. Ndipo asubuhi moja nikaamka na jicho jekundu. Linachoma, linatoa machozi, na mwanga wa dirishani unaingia kama sindano. Tulikuwa tumeonywa: mwili unaweza kukikataa kile kioo cha mtu mwingine hata baada ya muda mrefu, na dalili zake ni hizo hizo.

Binti yangu hakunigombeza. Aliweka khanga mabegani mwangu na mikono yake ilikuwa ya baridi. Tulikwenda kliniki bila kunywa chai. Kwenye benchi akasema polepole, "Mama, kama ni ile milima..." hakumaliza. Nami sikubisha. Nilikuwa nafikiri juu ya yule marehemu. Nilijiona kama mgeni aliyepewa kitanda kizuri akakivunja.

Daktari alitazama kwa taa yake muda mrefu. Kisha akasema kioo kiko salama. Uzi mmoja wa mshono ulikuwa umelegea, ncha yake inakwaruza. Akautoa pale pale, akaongeza dawa, akatusifu kwa kuja siku ile ile. Binti yangu akauliza alichotaka kuuliza tangu mwanzo: "Ni kwa sababu ya mazoezi?"

"Nyuzi hulegea zenyewe. Kutembea kwake ni kuzuri. Aendelee."

"Na shamba?" nikadakia. "Nikipalilia nimepiga magoti, kichwa juu?"

Akaniangalia kama anayepima kitambaa. Kwa sasa bado, akasema. Jicho litulie kwanza. Lilipotulia, kliniki ya baadaye, aliniruhusu: palizi nyepesi, miwani ya kuzuia vumbi na majani, matone bila kukosa, maji na mikungu vibebwe na wengine. Nikamwambia hao wengine wapo, nimewazaa mwenyewe.

Nilirudi Ngenge mvua zilipoanza. Kupalilia nimepiga magoti, mgongo wima, kajembe ka mpini mfupi mkononi, ni kazi ya polepole sana. Majirani walipita wakasimama. "Mama, mbona unaabudu maharage?" Nikawaambia mimi Mlutheri, siabudu chochote shambani, nasalimu tu. Shemeji yangu alikuja akaona aibu, akachukua mundu akaenda kwenye migomba bila kuambiwa.

Binti yangu akaja na gari mwisho wa mwezi. Nilimwona tangu anashuka barabarani, nikamjua kwa uso, si kwa kikohozi. Alikuwa na begi mkononi, lile kubwa la safari. Akasimama ukingoni mwa shamba na viatu vyake vya mjini, ananitazama nilivyoshuka, nilivyong'oa, nilivyoinuka nikasogea na kushuka tena. 

"Usinisimamie kama mtendaji wa kijiji," nikamwambia. "Shuka."

Akavua viatu, akapiga magoti kwenye mstari wa pili, begi kando yake. Tukapalilia hadi jua likawa kali. Nilipoligusa lile begi kulisogeza kivulini, lilikuwa jepesi, tupu kabisa. Nikajua lilikuja kufuata nguo zangu, anirudishe mjini. 

Jioni alilijaza maharage mabichi, akalifunga zipu, akaliweka ndani ya gari, akaondoka nalo.