Kipimo cha Goti

Waliochimba kaburi la Filomena walichimba mpaka vichwa vikapotea. Mumewe, Sebastian, alisimama pembeni akiangalia udongo unavyorushwa juu. Hapo ndipo Jabiri, Myao wa Tunduru, mtani wake wa miaka nenda rudi, alipojifunga khanga ya marehemu kiunoni na kupaza sauti:

"Jamani, huyu Mmakua msimpe jembe! Mashimo yake yeye yanaishia magotini!"

Watu wakacheka. Mtani hakasirikiwi, msibani ndiko kazini kwake. Sebastian naye alitoa meno. Jabiri hakujua alichokigusa. Alikuwa akikumbuka tu yale majisifu ya miaka miwili nyuma, Sebastian alipopata kibarua cha kuchimbia nguzo za ukingo wa chuma pale konani, huko Mbagala ndani, akarudi nyumbani jua la utosi, kazi imekwisha.

Ukingo ule uliwekwa ili gari likishindwa kukata kona lisitoke barabarani. Karatasi ya kampuni iliyojenga ilitaka kila nguzo izame mita moja, na zege limwagwe. Sebastian karatasi hakuisoma. Shule aliiona kwa nje tu, akipita na mbuzi. Yeye alimsikiliza Valerian, msimamizi.

"Mzee Seba, likifika magotini, sogea mbele. Mkaguzi anakuja Ijumaa, na mkaguzi anaangalia juu, haangalii chini."

Akachimba. Nguzo zikasimama, zikang'aa. Sebastian akazipenda kama mtu apendavyo kitu alichokitolea jasho.

Siku zile Filomena alikuwa akikaanga mihogo kituoni, kwenye vumbi na kusukumana. Sebastian ndiye aliyemwambia, "Hamia kule konani, ukae nyuma ya chuma. Pale gari halikufikii. Nimechimba mwenyewe." Akambebea na jiko, akamchagulia na mahali pa kuliweka.

Lori la mchanga lilipokosa kona asubuhi ile, chuma hakikupinda. Kililala. Nguzo saba ziling'oka kama mtu ang'oavyo mhogo kwenye ardhi ya kichanga, na nyuma yake alikuwepo mama mmoja na karai lake.

*

Kesi aliifungua Bupe, wakili wa msaada wa kisheria, binti wa Tukuyu mwenye sauti ndogo na mafaili makubwa. Majibu ya kampuni yalipokuja alimsomea mzee. Ukingo ulikuwa imara. Lori ndilo lililokuwa bovu. Tena marehemu alikuwa amekaa kwenye hifadhi ya barabara, mahali pasiporuhusiwa biashara, kwa hiyo alijitakia.

"Rudia hapo mwisho, mwanangu."

"Alijitakia."



"Hela wakitoa, wasipotoa, shauri yao," Sebastian alisema. "Mie nataka hilo neno limtoke mke wangu."

"Litamtoka tukionyesha kuwa nguzo hazikuzama inavyotakiwa. Ila nguzo zimeshauzwa vyuma chakavu, baba. Mashimo yamefukiwa. Na Valerian ameandika kwamba hakumbuki vipimo."

"Mie nakumbuka. Nilichimba mie."

Bupe akaweka kalamu chini.

"Baba, ukilisema hilo mbele ya hakimu, watakugeuzia kibao."

"Wakigeuze."

*

Wakili wa kampuni alikuwa kijana mwenye adabu zake. Alianza na shikamoo.

"Marahaba."

"Mzee wangu, hayo mashimo unayodai, yalikuwa na kina gani?"

"Goti."

"Mita ngapi?"

"Mita siijui. Goti nalijua, ni langu."

Nyuma watu wakacheka. Hakimu akagonga meza.

"Kwa hiyo ulijua ni mafupi?"

"Nilijua ni mafupi. Sikujua ni mabaya. Aliyejua ni mwenye karatasi."

Wakili alifunua ukurasa, akaufunika tena. "Na aliyemwambia marehemu akae pale ni nani?"

Bupe akasimama kupinga, lakini Sebastian alikuwa ameshajibu.

"Mie. Nilimbebea jiko."

"Ukijua mashimo yanaishia magotini?"

Mzee alishika ule ubao wa kizimba kwa mikono yote miwili. Hakumtazama wakili tena. Alimtazama hakimu, mama wa makamo mwenye miwani.

"Mheshimiwa, andika mie. Hilo neno la kujitakia, mfute yeye, andika mie."

Hakimu aliandika kitu. Sebastian, ambaye hasomi, alirudi kwenye benchi akiamini kimeandikwa hicho.

*

Hukumu ilitoka baada ya miezi minne. Mahakama ilimwamini mzee: nguzo zilikuwa fupi ardhini, na kampuni ilikosa. Bupe akamshika mkono. Kisha hakimu akaendelea kusoma. Hata hivyo, marehemu alikaa eneo lisiloruhusiwa kwa hiari yake, hivyo naye amechangia theluthi moja ya kosa, na fidia itapunguzwa kwa kadiri hiyo.

"Tumeshinda, baba," Bupe alimwambia nje, machozi yakimlenga.

"Hiyo theluthi ni ya nani?"

"Ya mama. Kisheria, wewe hukushitakiwa, kwa hiyo haiwezi kuandikwa juu yako."

"Basi mmeshinda nyie. Mke wangu kafungwa theluthi."



*

Hakwenda nyumbani. Alishuka kabla ya kituo chake, akatembea kwa mguu mpaka konani. Alikuta mafundi wenye vizibao vya rangi ya machungwa wakiweka ukingo mpya, chuma kimelazwa kando kikimeremeta. Msimamizi wao alivaa kofia ngumu mpya. Alipogeuka, alikuwa Valerian.

"Shikamoo, mzee Seba! Nimesikia mmeshinda. Mungu mkubwa."

Sebastian hakuitika. Aliuendea mstari wa mashimo, akalifikia la kwanza pale lilipokuwa jiko la mihogo. Masizi yalikuwa bado yanaonekana kwenye jiwe. Alivua ndala, akaziweka pamoja ukingoni kama mtu anayeingia ndani ya nyumba, akashusha mguu mmoja, halafu wa pili.

Udongo ulimkomea magotini.

"Kumbe vipimo unavikumbuka, Valerian," alisema.

Mafundi waliacha kuchimba. Mmoja alianza kucheka, akaona uso wa msimamizi wake, akanyamaza.

"Mzee wangu, toka basi. Usitutie balaa. Mkaguzi anakuja kesho asubuhi."

Sebastian alijiinamia, akashika ukingo wa shimo, akakaa kitako taratibu kama wazee wanavyokaa, miguu yake ikiwa ndani.

"Aje," alisema. "Safari hii ataangalia chini."