Spika Haikupasuka

Jua la mchana likipenya dirishani kwenye karakana yangu, gitaa la mjomba hunukia asali. Alilichonga mwenyewe kwa mninga, akalipaka nta ya nyuki kutoka Sikonge, na mti ule haujasahau. Wateja huuliza harufu inatoka wapi. Mimi huwaonyesha kwanza stashahada yangu ya ufundi wa sauti ukutani, niliyoisomea Dar kwa jasho langu bila kubebwa na mtu, kisha ndipo nawasimulia.

Mjomba Hamisi alipiga muziki wa roki. Tabora nzima, peke yake. Alirekodi chumbani, madirisha kayaziba kwa magodoro, akachoma sidii zake na kuzitembeza minadani hadi Ziba. Alichotaka ni radhi ya bibi, mama yake, ambaye hakuwahi kumsikia akipiga.

"Siku nikikusikia," bibi alikuwa akisema, "nitajua nikuombee nini."

Siku ikafika: harusi ya mama mdogo, mtaani Ng'ambo, chini ya turubai. Bibi akaketishwa mbele. Mjomba akakanyaga kijisanduku chake, kile kinachoikwaruza sauti makusudi, gitaa likanguruma mpaka masinia ya pilau yakatetemeka. Mimi, binti mdogo niliyekuwa nikimsikiliza mlangoni kila siku, nilisisimkwa mwili mzima.

"Spika imepasuka!" akapiga kelele shangazi.

"Hamisi, umeiokota jalalani?" akadakia mtani wetu mmoja, watu wakaangua kicheko.

"Zimeni, itaunguza nyaya!" akafoka mwingine.

Fundi wa muziki, kwa wema wote, akakimbia akachomoa waya.

Ndivyo inavyotakiwa kulia! Maneno yalinijaa kinywani. Lakini kwetu mtoto hadakii maneno ya wakubwa. Mama alinitupia jicho moja tu, nikayameza pamoja na pilau.

Bibi akamshika mjomba kiganja. "Pole, mwanawane. Chombo kimekuumbua mbele za watu."

Nikasubiri mjomba aseme. Akainama.

"Asante, mama. Kimeharibika."

Tangu hapo bibi hakumaliza swala bila kukiombea kile chombo kipone. Mjomba alipokwenda kumwamkia asubuhi, kabla hata ya kuitikia marahaba, bibi aliuliza, "Kimepona?"

"Bado, mama. Endelea kuniombea."

Kwa miaka mingi nilimwona mwoga. Mpaka tulipomzika bibi, nikamwona mjomba asubuhi ya pili amesimama mlangoni kwa marehemu, hana wa kumuuliza, ndipo nikaelewa: angemweleza ukweli, dua zingekoma.

Sasa naye hayupo. Mimi natengeneza spika zilizowashinda mafundi wa mkoa mzima, nasema bila haya. Lakini siku nikilichomeka gitaa lile na kukanyaga kijisanduku, jirani yangu muuza vitenge huchungulia.

"Pole, fundi. Naona hiyo spika imekushinda."

Nami, chini ya stashahada yangu, humjibu, "Asante, dada. Imenishinda."