Binti wa Kaka na Sheria Inayosubiriwa

Siku hizi redio ikitangaza kwamba suala la umri wa kuolewa linafanyiwa kazi, naizima. Nimechoka. Mahakama ilishasema zamani kwamba vifungu vinavyoruhusu msichana aolewe kabla ya miaka kumi na minane vibadilishwe. Bunge nalo linasema wananchi washirikishwe kwanza. Sisi ndio wananchi, na sijaona wa kunishirikisha.

Kaka yangu wa Nyamwaga alipokubali posa ya binti yake wa miaka kumi na mitano, nilifunga genge langu la mboga hapa Turwa nikaenda dawati la jinsia la polisi kushtaki. Ofisa alikuwa kijana mpole. Aliuliza kwanza kama binti yuko shuleni. Nikamwambia alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa.

"Mama, angekuwa mwanafunzi tungemkamata mtu kesho," alisema. "Huyu baba yake ameridhia. Mahakama imesema, ni kweli, lakini sheria iliyoandikwa ni ileile."

"Kwa hiyo nimwambie mtoto asubiri kikao cha Bunge?"

Alifunga daftari lake. Nilitoka pale nimekasirika, nikapanda bodaboda hadi kwa kaka. Wazee wa upande wa pili walikuwa wameshakaa uani, wamekuja kupatana ng'ombe wa mahari. Binti alikuwa jikoni anamenya ndizi na mama yake. Hakuthubutu kuniangalia.

Niliwapa wazee shikamoo yao, kisha nikamgeukia kaka. "Mama wa huyu mtoto ulimuoa kwa ng'ombe wangu. Katika nyumba hii nina neno. Nakataa."

Kwetu hilo si jambo dogo. Ng'ombe wa mahari ya dada ndio kaka huolea mke, na dada huyo husikilizwa katika nyumba hiyo mpaka anazeeka. Kaka alinung'unika kwa Kikurya. Wageni wakatazamana, wakachukua fimbo zao. Nani apeleke mifugo yake penye ubishi? Jioni niliondoka na binti.

Majirani wananisifu kwamba nimeweza kilichowashinda wakubwa. Sifa hizo zinanichosha zaidi. Tulipokuwa tunakula, binti aliniuliza, "Shangazi, ng'ombe wako waliletwa ukiwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mitano," nikamwambia, nikamwongezea ugali.